Dakika ya Ishirini

Karatasi mbili zilikutana kwa mara ya kwanza saa mbili na nusu asubuhi, siku yenyewe ya mchezo wa vita, kwenye meza ya Meja Maeng Ju-ran. Moja ilitoka jeshi la anga. Ilionyesha ndege zetu zinaruka dakika ya ngapi tangu rais wa Marekani atoe amri, zinavuka mpaka dakika ya ngapi, na dakika ya ngapi zinapiga rada za Korea Kaskazini ili kuifungulia njia ndege ya Wamarekani iliyobeba bomu la nyuklia. Ya pili ilitoka kwa wanadiplomasia. Ilionyesha rais wa Marekani anampigia simu rais wetu dakika ya ngapi kumwuliza kama anakubali, na mazungumzo yao yanakwisha dakika ya ngapi. Kwa miezi kumi na moja karatasi hizo zilikaa kwenye makabati mawili tofauti, kila moja na mhuri wake wa siri, na aliyeruhusiwa kufungua kabati moja hakuruhusiwa kufungua la pili.

Maeng aliziweka sambamba, akapitisha rula.

Ndege nane zinaruka dakika ya ishirini. Zinavuka mpaka dakika ya thelathini na moja. Rais wetu anamaliza kuulizwa kama anakubali dakika ya thelathini na tano.

Akapitisha rula tena, polepole. Nambari hazikubadilika. Kwa dakika nne marubani wanane wangekuwa ndani ya anga ya adui, wakifungua njia ya bomu ambalo nchi yao ilikuwa bado inaulizwa kama inalitaka. Na wakishavuka, swali lenyewe linakuwa limekwisha. Rais gani atasema hapana wakati watoto wake wanane wako upande wa pili?

Mpango huo ulikuwa utiwe saini na pande mbili saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Mchezo wa mezani wa siku hiyo ulikuwa wa mwisho kabla ya saini: watu ishirini na wawili kuzunguka meza, kila mmoja na cheo chake cha kuigiza, saa kubwa ukutani, na vita vya kubuni vinavyosomwa kutoka kwenye karatasi.

"Kapteni, njoo uone kitu."

Kapteni Pyo In-gyu, msaidizi wake, alikuja akiburuza ndara za ofisini, kikombe cha karatasi mkononi. Dirishani vumbi la manjano la majira ya machipuo lilikuwa limefunika jiji la Seoul, hata mto ulikuwa hauonekani. Pyo akainama, akatazama mahali rula ilipolala.

"Mimi sijaona kitu," akasema.

"Umeona."

"Dada Meja, mimi ni kapteni. Huwa sijui jambo mpaka niambiwe kwamba nalijua." Akanywa kahawa. "Halafu kwani utaona wewe tu? Saa tatu karatasi zote mbili zitakuwa ukutani, kubwa kama mlango. Kila mtu ataona, na kila mtu atakunywa chai yake."

"Wanane, Pyo."

"Najua kuhesabu. Wewe ndiye unayesahau kuhesabu. Hesabu nyota za Jenerali, halafu hesabu za kwako."

"Mimi sina nyota."

"Eeh. Sasa tunaelewana."

Kwetu swali halizaliwi mkutanoni. Linazaliwa wiki moja kabla, linaandikwa, linapelekwa upande wa pili na kujibiwa kwa maandishi, kisha siku ya mkutano mmoja analisoma na mwingine anasoma jibu, na wote wanatikisa kichwa kana kwamba wamelisikia sasa hivi. Ndivyo wakubwa wanavyolindwa wasiaibike. Maswali ya siku hiyo yalikuwa ishirini na mawili, yamepigwa chapa na kubanwa pini, na la dakika ya ishirini halikuwemo. Mtu anayeuliza jambo lisilo kwenye orodha mbele ya wageni ni sawa na mtu aliyepanda mezani na viatu.

Kwa hiyo Maeng alikwenda kwanza kwa Jenerali Tak Hyeong-man. Tak ndiye aliyeongoza upande wetu, na ndiye aliyezikubali rasimu zote nane.

"Meja, umekula?" Jenerali aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekula, afande." Hakuwa amekula.

Akamwekea karatasi mbili mezani, na rula juu yake. Jenerali alizitazama kwa muda mrefu kuliko Maeng alivyotarajia.

"Dakika ya ishirini nani aliiweka?"

"Sijui, afande. Imo tangu rasimu ya kwanza."

"Basi ni ya Wamarekani. Wanaogopa rada, wanataka tuwatangulie. Sisi tukakubali." Akavua miwani. "Unataka leo niwaambie kwamba sikusoma nilichokikubali?"

"Nataka tuulize tu, afande."

"Kuuliza kulikuwa wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita karatasi hizi zilikuwa hazijakutana."

Jenerali akasimama, akaenda dirishani, akalitazama vumbi.

"Nilipokuwa luteni," akasema, "wao walikuwa wanapanga mabomu ya kulipuka juu ya vichwa vyetu, sisi tunawasubiri koridoni tukiwashikia mikoba yao. Mlango ukifungwa, tunasikia kicheko tu. Leo tuna kiti, Meja. Nimekitafuta kiti hicho miaka tisa. Siku ya kwanza ya kukikalia unataka tupige kelele kwamba kinatuchoma?"

"Afande, kiti ambacho unaulizwa ndege zako zikiwa zimesharuka, ni kiti gani?"

Alijua amepita kiasi kabla hajafunga mdomo. Jenerali hakugeuka.

"Andika waraka. Utaingia kwenye mapitio ya mwakani."

"Na vita vikitokea mwaka huu?"

"Toka nje, Meja."

Akainama, akakusanya karatasi zake, akatoka.

Sehemu ya kwanza ya mchezo ilikwenda kama ilivyoandikwa. Bi. Gwak, mwanadiplomasia mstaafu aliyekuwa mwamuzi, alisoma kwamba kaskazini wamelipua bomu moja juu ya bahari tupu, kama onyo. Watu wakasoma maswali yao, watu wakasoma majibu yao. Saa tano mchezo ulisimama kwa mapumziko, saa ya vita ikiwa bado haijaanza kuhesabu.

Kwenye korido, mbele ya mashine ya kahawa, Maeng alimkuta Kanali Haverty, mkuu wa wapangaji wa upande wa Marekani. Alikuwa mtu mrefu mwenye magoti mabovu, mwaka wa tatu Seoul.

"Hii kahawa yenu ni sukari iliyopakwa rangi," akasema. Alisema hivyo kila siku, na kila siku alikunywa vikombe vitatu.

"Kanali, nikuulize jambo, halafu iwe kama sijakuuliza?"

"Hilo ndilo tamu zaidi. Uliza."

"Dakika ya ishirini ni yenu?"

Haverty alimtazama kana kwamba hakuelewa. "Yetu? Ni yenu."

"Sisi hatukuiomba."

"Meja, kila mkutano mnatuambia hamtaki kuachwa nyuma. Kila mkutano! Mtu wetu mmoja akasema, basi, waacheni watangulie, tusiwavunje moyo. Tukaandika ishirini. Mkakubali rasimu baada ya rasimu, tukasema, unaona, ndivyo walivyotaka."

"Sisi tulidhani mnaogopa rada."

"Rada tunaziogopa. Lakini tungeweza kusubiri. Hakuna aliyetuuliza."

"Nanyi mbona hamkutuuliza kama rais wetu atakuwa ameshajibu?"

"Tuliambiwa mambo ya rais wenu tusiyaguse. Adabu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu.

Maeng alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Miezi kumi na moja, rasimu nane, na chanzo chake chote ni kwamba kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake.

"Utalisema hilo mle ndani?" akauliza.

"Mimi?" Haverty alitikisa kichwa. "Nikisema mimi, itaandikwa kwamba Marekani imeiambia Korea haikusoma karatasi yake. Jenerali wako atasaini kwa hasira au hatasaini kabisa. Hapana, Meja. Hilo ni lenu." Akabonyeza kitufe, akachukua kikombe cha pili. "Ila mkiuliza, sitajifanya sijasikia."

Saa sita walikula. Saa saba na nusu Bi. Gwak aliianzisha saa ya ukutani, na dakika zikaanza kuhesabu kweli. Kanuni ya mchezo ilikuwa moja: saa haisimami. Rais wa Marekani, kwa maandishi, alitoa amri yake ya bomu dakika ya sifuri. Dakika ya kumi na mbili akampigia simu rais wetu. Makarani wawili, mmoja wa kila upande, waliandika kila lililosemwa, maana kumbukumbu hizo zilikuwa zinakwenda miji mikuu yote miwili.

"Dakika ya ishirini," Bi. Gwak akasoma. "Ndege nane zinaruka."

Siku hiyo Maeng aliigiza kamanda wa jeshi la anga. Kwenye karatasi yake palikuwa na neno moja la kusoma: Zimeruka.

"Zimeruka," akasema, "na zimebaki upande wetu. Hazitavuka."

Bi. Gwak akafunua ukurasa, akaurudisha. "Meja, karatasi yangu haina sehemu hiyo."

"Hata yangu haina. Lakini mimi leo ni kamanda wa anga, na rais wangu yuko kwenye simu. Nasubiri amalize."

Mtu mmoja mwisho wa meza alicheka, akidhani ni utani uliopangwa. Alipoona hakuna mwenzake anayecheka, akakohoa. Pyo, aliyeketi nyuma ya Maeng kwenye viti vya wasaidizi, aliinamia daftari lake kana kwamba ameliona leo kwa mara ya kwanza.

"Meja," akasema Jenerali Tak. Aliketi viti viwili kutoka kwake, na katika mchezo aliigiza mkuu wa majeshi. Sauti yake haikupanda. "Ndege zivuke."

"Kwa amri ya nani, afande?"

"Yangu."

"Rais ameshakubali, afande?"

Makarani waliinua kalamu. Jenerali alifungua mdomo, kisha macho yake yakaenda ukutani, kwenye zile karatasi mbili kubwa kama mlango. Akisema ndiyo, itaandikwa kwamba jenerali wa Korea alimjibia rais wake. Akisema hapana, itaandikwa kwamba alitaka kuvusha ndege bila yeye. Saa ilionyesha ishirini na moja. Ikaonyesha ishirini na mbili.

Maeng alitazama mikono yake. Alikuwa amesubiri miaka kumi na sita kufika kwenye meza ile, na alijua ni watu wangapi waliwahi kumkatalia jenerali wao mbele ya wageni na wakabaki na meza. Hakumjua hata mmoja.

Ishirini na tatu. Haverty alikuwa ameweka kalamu chini, akingoja.

"Bi. Mwamuzi," akasema Jenerali Tak hatimaye, "iandikwe kwamba mimi ndiye niliyemwagiza Meja asimamishe hapa. Nilitaka pande zote mbili zilione jambo hili kwa macho yao, siyo kwa maandishi." Akamgeukia Maeng. "Ndivyo, Meja?"

Chumba kizima kilimtazama. Usoni pa mzee yule hapakuwa na hasira wala shukrani. Alikuwa amenyoosha mkono tu, na yeye alipaswa kuushika sasa hivi au auache.

"Ndivyo, afande," akasema. "Kama ulivyoniagiza."

Makarani wakaandika, kila mmoja kwa lugha yake, na kuanzia hapo swali likawa la Jenerali Tak Hyeong-man.

Kwa mara ya kwanza saa ilisimamishwa, na baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa sababu wote walikuwa wameshaliona tangu asubuhi. Haverty alisema ndege yao inaweza kusubiri juu ya bahari, ila wale waliomo ndani watakuwa wanazunguka huku adui ameshaamka. Akaomba ruhusa, akatoka kuwauliza wakubwa wake, akarudi baada ya dakika arobaini.

"Tutasubiri mpaka dakika ya hamsini," akasema. "Siyo zaidi."

"Ndege zetu zinaweza kuzunguka hadi hamsini?" Jenerali akauliza.

"Kwa mafuta zilizo nayo, hapana," Maeng akajibu. Alikuwa ameshapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Zikizunguka chini kati ya milima zinakula mafuta vibaya. Itabidi kila moja ibebe tangi la ziada, na likibebwa tangi, linapunguzwa bomu moja la kupigia rada. Kazi iliyokuwa ya ndege nane itahitaji kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Jenerali akarudia.

"Ndiyo, afande."

"Na rais wenu akisema hapana?" Haverty akauliza.

Miezi kumi na moja neno hilo halikuwahi kutamkwa kwenye meza ile. Lilikaa pale katikati kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

"Zinageuka," akasema Jenerali Tak. "Zinarudi nyumbani."

"Na yetu?"

"Yenu ni yenu, Kanali. Sisi tunazungumzia za kwetu."

Haverty aliliandika hilo, akalipigia mstari. Maana yake kila mtu aliielewa: siku hiyo ikija, upande mmoja unaweza kwenda peke yake, gizani, bila kufunguliwa njia, na wote wawili wamelijua hilo mapema na wametia saini. Mmoja wa maofisa wake alimnong'oneza kitu. Haverty akatikisa kichwa. "Heri kulijua leo," akasema kwa sauti ya kusikika.

Saini zilichelewa saa moja na nusu. Jenerali aliifuta dakika ya thelathini na moja kwa mkono wake mwenyewe, akaandika juu yake: baada ya jibu, mwisho dakika ya hamsini. Palipoandikwa nane akaandika kumi na mbili. Picha zikapigwa, mikono ikashikwa. Maeng alisimama safu ya tatu, nyuma ya bega la mtu.

Pyo alimfuata koridoni, akitembea karibu kama mtu anayetaka kuazima kalamu.

"Dada Meja, bado uko hai?"

"Sijui. Niulize mwezi wa kupandishwa vyeo."

"Mimi nilikuwa nakuunga mkono, ujue. Kimoyomoyo."

"Niliusikia moyo wako. Ulikuwa unatetemeka mpaka kiti kinalia."

Pyo akacheka, kisha ghafla akasimama wima. Jenerali Tak alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Maeng, koti mkononi.

"Kapteni, huna kazi?"

"Ninayo, afande." Pyo akapotea.

Jenerali aliingia, akafunga mlango, hakuketi.

"Umenifanya nidanganye mbele ya wageni," akasema.

"Nisamehe, afande."

"Sitakusamehe. Asubuhi nilikwambia uandike waraka, ukaenda kunitundika ukutani." Akavaa koti, mkono mmoja, kisha wa pili. "Ningekuwa na umri wako, ningekuwa nimekufukuza kabla ya dakika ya ishirini na moja."

Maeng akainama.

"Hao wanne wa ziada," akasema Jenerali. "Utawatoa kikosi gani?"

"Cha kusini, afande. Wamezoea mawingu ya milimani."

"Wale wanane walikuwa wameshapangwa. Hawa wanne walikuwa hawamo."

"Najua, afande."

"Sitaki useme unajua. Nataka uone." Alisema bila ukali. "Asubuhi walikuwa wanane wasioulizwa. Jioni hii ni kumi na wawili wanaosubiri. Wewe ndiye uliyewaongeza. Kwenye kumbukumbu itasomeka mimi, lakini mimi na wewe tunajua."

"Mkuu wa kikosi chao atauliza sababu," akasema Maeng. "Nimwambie nini?"

Jenerali alifungua vifungo vya koti alivyokuwa amevifunga vibaya, akavifunga upya.

"Mwambie ni agizo langu. Si ndivyo ulivyosema?" Akafungua mlango. "Na ukale, Meja. Asubuhi ulinidanganya kwamba umekula."

Alipoondoka, Maeng alibadilisha viatu, akavaa ndara, akavuta fomu ya kuongeza ndege kwenye mpango. Ilikuwa fomu ya kawaida, ya ukurasa mmoja, na hata ya kuomba kiti kipya cha ofisi ilifanana nayo. Akaandika kikosi. Akaandika nambari za ndege nne, moja baada ya nyingine, akizihakiki kwenye orodha kwa ncha ya kalamu. Majina ya marubani hayakutakiwa kwenye fomu hiyo. Aliyatafuta hata hivyo, akayasoma yote manne kwa sauti ndogo mara moja, kisha akafunga faili yalimokuwa.

Palibaki safu ya mwisho, ya sababu. Kwa kawaida huandikwa "mahitaji ya kazi", na hakuna anayesoma. Aliishika kalamu juu ya karatasi kwa muda, akaandika: Kusubiri jibu la nchi.